Kambi Zote za Saikolojia na Mama Mkwe Mmoja

Ukimwambia mtu unakaa Segerea, mtaa wenye gereza, kitu cha kwanza anakuuliza umefungwa miaka mingapi. Mimi huwajibu kifungo cha maisha, maana nimejenga. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, ukuta wa upande wa jirani bado haujapigwa rangi, na tangu mwezi wa kumi mwaka jana chumba kinachopata upepo kuliko vyote ni cha mama mkwe wangu, Apolonia, aliyeletwa na mume wangu Daniel kutoka Rombo.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, tumetoka misa ya kwanza, hata viatu hatujavua, mama akamwambia Daniel maneno saba. Niliyahesabu kwa sababu kwake yalikuwa mengi mno. "Nikatie tiketi. Jumamosi nirudi kwangu. Nimechoka hapa."

Daniel ni karani wa bohari huko Chang'ombe na hajawahi kumbishia mama yake tangu azaliwe. Akakata tiketi siku hiyo hiyo. Basi la saa kumi na mbili asubuhi, siti ya dirishani.

Mimi nikapigwa na butwaa. Mama ana miaka sabini na nne, magoti yanamsumbua, presha inapanda na kushuka inavyotaka, na ile nyumba ya Rombo haina mtu. Angekuwa anapasua kuni mwenyewe, analala mwenyewe, anaugua mwenyewe. Tena nitakuwa mkweli: Jumapili ile kilichonitisha zaidi ni shangazi zake Daniel. Mama mkwe akirudi kijijini na begi lake baada ya miezi minane, hakuna atakayeuliza Daniel alifanya nini. Watasema Loveness kamfukuza. Nilikuwa na siku sita za kumbadilisha mawazo.

Kwa kazi mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na shule zilikuwa zimefungwa. Lakini mwishoni mwa wiki mimi ni mwanafunzi, mwaka wa kwanza wa digrii ya ualimu, na somo lililokuwa mbele yangu lilikuwa Utangulizi wa Saikolojia. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Nikaona Mungu kanipa swali na majibu kwa pamoja. Watu wameisoma akili ya binadamu kwa zaidi ya miaka mia na arobaini, washindwe na bibi mmoja wa Rombo?

Mhadhiri wetu, Dokta Wilbert, anafundisha kama anatangaza mpira. Anasema historia ya saikolojia ni historia ya kambi zinazopigana vijembe. Kambi ya kwanza ilianza mwaka 1879, Mjerumani mmoja alipofungua maabara pale Leipzig. Wale walimpa mtu kitu, wakamwambia aeleze anachokihisi, kipande kwa kipande, wapate kujua akili imeundwa na nini. Wakatokea Wamarekani wakawacheka: msiulize imeundwa na nini, ulizeni inamsaidia nini mwenye nayo. Akaja daktari wa Vienna, akasema wote mnachezea ukumbini wakati mambo yenyewe yako stoo, kwenye yale ambayo mtu mwenyewe hajui kwamba anayo. Wakaja watu wa tabia wakafunga mlango wa stoo: ya ndani hayaonekani, tupime yanayoonekana. Baadaye wakaja wa utu, waliosema binadamu si mbwa wa kufundishwa, msikilizeni. Majina yao yote yananishinda kutamka, kwa hiyo kwenye daftari nimewapa ya kwangu: Mzee wa Maabara, Daktari wa Kochi, Mzee wa Kengele.

Jumatatu nikaanza na Mzee wa Kengele. Yeye alikuwa Mrusi, akawazoesha mbwa wake mpaka wakawa wanadondosha mate kwa kusikia mlio tu, hata chakula hakijaja. Wamarekani wakaiendeleza kazi yake wakasema ukitaka tabia fulani iongezeke, izawadie. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kila mama akitamka sentensi nzima, anapata kitu anachokipenda. Nikapika mtori wa ndizi na nyama ya mbavu, nikanunua parachichi zile kubwa za kwao, nikakaa kusubiri.

Mama alikaa kibarazani kwenye kiti chake, akiangalia geti. Akakohoa. Nikainuka nikampelekea mtori, nikidhani anataka kusema kitu. "Asante," akasema. Nusu saa baadaye akakohoa tena, nikainuka na parachichi. Ikaendelea hivyo mchana kutwa. Jioni nikampigia simu Kaneez, mwanafunzi mwenzangu, kumpa ripoti. Kaneez na mumewe Riaz wana duka la vifaa vya ujenzi Tandika. Yeye ana miaka hamsini na mbili na amerudi shule baada ya binti yake wa mwisho kumaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza, Loveness. Bibi akikohoa, unainuka?"

"Ndiyo."

"Hata kama hasemi kitu?"

"Ndiyo, nainuka."

"Sasa niambie, hapo mbwa nani?"

Alicheka mpaka nikamkatia simu.

Jumanne nikahamia Vienna. Yule daktari alikuwa anawalaza wagonjwa wake kwenye kochi, yeye anakaa nyuma yao, wanaongea chochote kinachokuja kichwani, hasa ndoto na mambo ya utotoni. Kochi tunalo. Nikamlaza mama kwa kisingizio cha kupumzisha magoti, nikamfunika kanga, nikaketi kichwani kwake na daftari.

"Mama, ulipokuwa mdogo mlikuwa mnakaaje pale nyumbani?"

"Vizuri."

"Na baba yako? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kimya. Nikaandika: amezuia. Nikasubiri, maana Dokta Wilbert alisema kimya nacho ni jibu. Nilipochungulia nikaona kalala, tena anakoroma. Baada ya robo saa akafumbua macho.

"Nimeota," akasema.

Nikamsogelea. Kalamu mkononi. "Umeota nini, mama?"

"Nimeota maharage yako yanaungua."

Na kweli yalikuwa yanaungua. Sufuria ile hadi leo naloweka.

Jumatano ndiyo siku ninayoionea aibu, ingawa siku yenyewe ilipopita nililala nikijipongeza. Nilikuwa nimefika kwa watu wa utu. Hawa walianza kusikika miaka ya hamsini, na mbinu yao kubwa ni kusikiliza bila kuhukumu. Mtu akisema kitu, unamrudishia kwa upole ili ajue amesikika. Nikavuta stuli kibarazani nikakaa karibu na mama.

Mama akatazama juu. "Mvua itanyesha."

"Unahisi kwamba mvua itanyesha," nikamrudishia kwa sauti laini.

Akanitazama. "Nasema itanyesha."

"Naona jambo la mvua linakugusa sana, mama."

"Mama Brightson," akaniita kwa jina la mwanangu, "kaanue nguo."

Kabla sijainuka, akapita fundi nje ya geti na msumeno begani. Mama akamfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye duka la mangi wa kona. Uso wake ukafunguka kidogo. "Angalia anavyotembea," akasema. "Anatembea kama..."

Nikajua anakokwenda, na nikamwahi. "Mama, mvua hiyo! Njoo unisaidie vibanio!" Nikamshika mkono nikamwinua, nguo zikaanuliwa, maneno yakaishia hapo. Nilijiona hodari kweli.

Inabidi nieleze. Kaka yake Daniel, Adelard, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa fundi seremala pale pale Rombo. Hakuoa. Ndiye aliyekuwa akikaa na mama. Mwezi wa nane mwaka jana alianguka shambani kwa presha na hakufika hospitali. Tukazika, tukamaliza tanga, tukamleta mama Dar. Siku ya kwanza tu Daniel aliniita chumbani akaweka amri: jina la Adelard lisitajwe humu ndani, mama atakuja kuanguka naye. Mimi niliona ni busara kabisa. Picha zake nikazifungia kwenye sanduku. Mtoto wetu Brightson, anayesoma bweni Pugu na likizo hii alibaki shuleni kwa masomo ya ziada, tulimwonya kabla ya likizo ya Krismasi. Na mtaani, ili mtu asije akamwita mama kwa jina la kumtonesha, nilimtambulisha kwa kila jirani, kwa muuza mboga na kwa wanajumuiya wote kama Bibi Brightson. Jina likashika. Nilijivunia jinsi lilivyoshika.

Alhamisi saa nane mchana Kaneez akaja tusome pamoja. Alikuja na daftari mbili, kalamu za rangi nne na mfuko wa visheti. Mimi nilikuwa jikoni nachuja juisi ya ukwaju, dirisha liko wazi kuelekea kibarazani, nikamsikia anamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mie Kaneez, nasoma na Loveness. Huwa wananiita Mama Zehra. Wewe nikuite mama nani?"

"Bibi Brightson!" nikapaza sauti kutoka jikoni. "Mwite Bibi Brightson!"

"Sijakuuliza wewe, kamua ukwaju," akajibu Kaneez. "Hilo la ubibi. Mtu anakuwa mama kwanza. Mtoto wako wa kwanza, mama, anaitwa nani?"

Nilitoka mbio na kichujio mkononi. Nikasimama mlangoni, nyuma ya mama, nikimkonyeza Kaneez, nikimtikisia kichwa, nikimpungia mikono yote miwili. Ukwaju ukanichirizika hadi kiwikoni. Kaneez alikuwa hanitazami.

Mama aliacha kuangalia geti. Kisha akasema, "Adelard."

"Basi shikamoo tena, Mama Adelard. Yuko wapi Adelard?"

"Amefariki. Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Kaneez. Nikajua sasa ataomba radhi, atabadilisha mazungumzo, mambo yataisha salama. Badala yake akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Pole, mama yangu. Alikuwaje?"

Sijui niseme nini kilitokea. Mtu aliyekuwa akinipa neno moja moja kwa miezi minane alifungua mdomo akaongea mpaka kivuli cha ukuta kikahama kutoka kwenye ndoo hadi kwenye geti.

"Alikuwa mbishi," akaanza. "Mbishi huyo! Seremala asiyetaka futi kamba. Kila kitu anapima kwa shubiri yake. Namwambia, Adelard, pima kama wenzako, ananiambia, mama, mkono nimepewa na Mungu, futi kamba imetoka China. Sasa mlango wa mbele akaupima kwa shubiri, wa jikoni kwa shubiri, wa choo kwa shubiri. Hakuna hata mmoja unaofunga! Nimelala miaka ishirini na mlango nimeuegemeza gunia la mahindi. Na mwanangu ndiye fundi wa kijiji!"

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, nikagundua ana kicheko kikubwa, cha mtu mnene, na yeye mwembamba vile. Kaneez alikuwa anafuta machozi kwa mtandio. Mama akaeleza jinsi Adelard alivyokuwa akitembea bega moja chini kwa kubeba msumeno, jinsi alivyokuwa akibagua vitunguu kwenye mchuzi kama mtoto na ana miaka arobaini na tisa, jinsi alivyokuwa akimkanda magoti kila jioni akiwa anaimba nyimbo za kwaya ambazo maneno yake hayajui. Halafu akaeleza siku ile ya shambani. Hapo kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti.

Nikaruka. Presha! Nikataka kumshika nimwingize ndani, nimletee dawa, nimnyamazishe. Kaneez akanizuia kwa mkono mmoja.

"Muache."

"Ana presha, Kaneez! Sie huwa hatumtaji, atazidiwa!"

"Nyie hamtaji?" Alinigeukia kwa mshangao wa kweli, si wa kunikejeli. "Miezi minane? Loveness, sie kila mwaka, kwenye maombolezo ya madhehebu yetu, tunakaa pamoja tunawataja watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Tunawataja kwa majina, wa kwanza mpaka wa mwisho, mpaka mtoto mchanga. Tunalia kama wamezikwa jana, tukimaliza tunakula, tunarudi nyumbani. Nyie wa mwaka jana mmemweka sandukuni?"

Na kweli, sandukuni ndiko nilikomweka hasa.

Mama alijifuta kwa ncha ya kitenge. Aliponitazama hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kule nyumbani," akasema, "nikitoka nje tu naitwa. Mama Adelard umeamkaje. Mama Adelard ndizi zimeiva? Mtoto wa jirani anaropoka, Mama Adelard mbuzi wako kakatika kamba. Hapa hakuna anayeniita. Hata Daniel hasemi kaka yangu. Nikasema basi, hawa wameshamaliza naye. Nirudi kwa watu ambao hawajamaliza."

Nilikaa chini pale pale mlangoni na kichujio changu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimezunguka Urusi, Vienna na Marekani kutafuta kilichomfunga mama mdomo, kumbe mimi ndiye mwenye ufunguo. Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Yeye akasema ukwaju unamwagika.

Tulijaribu kusoma baada ya hapo. Tukafungua daftari tutafute alichofanya Kaneez ni cha kambi gani. Yeye akadai ni Vienna, kwa sababu mtu ameongea ya stoo. Mimi nikasema ni watu wa utu. Mama akauliza mnagombania nini, tukamweleza historia yote kuanzia 1879, akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama huyo Mzee wa Maabara alikuwa na mke. Hatukujua.

Daniel alirudi saa kumi na moja na mkate chini ya kwapa. Akatukuta watatu kibarazani. Kabla hajavuka geti alilisikia jina, kwa sababu mama alikuwa anasimulia habari za kabati. Mume wangu akasimama. Akanitazama mimi, na yalikuwa macho ya mtu aliyesalitiwa.

"Daniel," akasema mama, "lile kabati la vitabu, kaka yako alimuuzia nani?"

Daniel akahamishia mkate kwapa la pili. Kaneez akaanza kukusanya kalamu zake polepole.

"Nakuuliza wewe. Alimuuzia nani?"

"Padri," akasema Daniel. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Alimuuzia padri. Na halikufunga."

Mama akapiga makofi kwa kicheko. Daniel naye alianza kucheka, lakini katikati kikamshinda. Akakaa kwenye ngazi na mkate wake mapajani, akalia kwa kwikwi, mabega yanaruka. Nimeishi naye miaka kumi na mitatu na sikuwa nimemwona akilia, hata siku ya mazishi, alipokuwa akikimbizana na jeneza, maturubai na chakula cha watu. Ndipo nilipowaelewa wale Wamarekani wa kambi ya pili. Miezi yote hiyo nilijiuliza ile amri inamsaidiaje mama. Sikuwahi kuuliza inamsaidia nini aliyeiweka.

Mama alimshika kichwa akamwegemeza gotini, goti lile lile bovu, na wala hakulalamika.

Ijumaa nilitoa picha sandukuni, mama akachagua moja ya kuweka sebuleni: Adelard amesimama mbele ya mlango wake uliopinda, anajidai. Daniel akaipigilia ukutani. Wakabishana kama imekaa sawa. Lakini tiketi hakuna aliyeigusia, na jioni mama akafunga begi lake na kuliweka kando ya mlango wa chumba chake. Daniel akapanga bajaji ya alfajiri ya kumpeleka stendi ya Mbezi, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Mimi sikulala vizuri. Shangazi zake Daniel wangesema wanachotaka, sikuwa na habari nao tena. Nilikuwa nawaza kwamba miezi minane nimekaa na mwanamke mwenye kicheko kile nisikijue, na sasa nimekijua siku mbili anaondoka.

Jumamosi alfajiri bajaji ikapiga honi getini. Daniel akakaa tu kitandani, anatazama viatu vyake. "Nenda wewe," akaniambia.

Nikasimama mbele ya chumba cha mama. Taa ilikuwa inawaka, ikipenya chini ya mlango, na nikamsikia anatembea ndani. Nilitaka kumwambia abaki. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nikagonga, na jina ambalo sikuwahi kulitamka likanitoka.

"Mama Adelard."

Hatua zikakoma.

"Mama Adelard, bajaji imefika. Nimwambieje?"

Kitanda kikalia, kama mtu anayekaa. Honi ikapigwa tena.

"Mwambie," ikaja sauti kutoka ndani, macho kabisa, "Mama Adelard bado amelala."

Nikaenda mpaka getini na kanga yangu ya kulalia, nikamwambia yule dereva vile vile nilivyoagizwa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mangi wa kona.